Historia ya Pijo Yetu, na Sababu ya Kubadili Injini na Springi Zake

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, na ninyi vijana mliotufuata,

Katika mkutano wetu wa mwaka 2019 tulikubaliana kwa kauli moja kuchanga fedha ili gari la zamani la shule, Peugeot 504 ambayo wanafunzi wote waliiita Pijo, litengenezwe na kurudi kama lilivyokuwa siku lilipopanda mlima kwa mara ya kwanza. Dhamana ya kusimamia kazi hiyo nilipewa mimi. Leo gari linatembea, lakini halikurudi kama lilivyokuwa. Chini ya boneti kuna injini ya Toyota, na nyuma limekalia springi za Toyota. Baadhi yenu mmeniuliza kwa upole, na wengine kwa ukali, ni nani aliyeniruhusu. Swali hilo ni la haki. Nimemwomba Mhariri anipe kurasa chache nieleze historia yote tangu mwanzo, bila kuficha hata pale nilipokosea.

GARI LENYEWE

Kwa vijana ambao hawakuziona siku hizo, hapana budi nianze na jina la Peugeot katika nchi zetu. Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, na yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika katika barabara za vumbi na matope. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 na mwaka 1968 mvua ilikuwa kubwa kiasi kwamba ni magari 7 tu yaliyofika mwisho kila mara. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, aliyeishi hapa kwetu Tanzania, na mwenzake Chris Rothwell. Mtu aliyekuwa na fedha za kununua gari alihitaji ushahidi gani zaidi ya huo?

Peugeot 504 ilitolewa Ufaransa mwaka 1968, na mwaka 1969 ikachaguliwa kuwa gari la mwaka la Ulaya. Mwaka 1975 ikashinda Safari ikiendeshwa na Ove Andersson wa Sweden. Stesheni wagoni ya aina hiyo ilifuata mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ilikuwa ndefu kuliko saluni: toka gurudumu la mbele hadi la nyuma saluni ilikuwa na mita 2.74, na stesheni wagoni mita 2.90. Ilikuwa na safu tatu za viti, na nyuma haikuwekewa mpango laini wa saluni, ambapo kila gurudumu hupanda na kushuka peke yake. Iliwekewa ekseli nzima iliyonyooka, juu yake springi nne za mviringo, mbili kila upande. Ndiyo maana iliweza kubeba watu saba na mizigo yao bila kuburuza mkia.

Jambo moja lazima nilitaje hapa kwa sababu litarudi baadaye. Katika magari mengi propela shafti huzunguka wazi chini ya gari, ukiinama unaiona. Katika Peugeot hii inazunguka ndani ya bomba nene la chuma, lililofungwa kwa bolti kwenye giaboksi upande mmoja na kwenye difu upande wa pili. Wengi wetu tulidhani bomba hilo ni la kuzuia vumbi na mawe tu.

KAZI YAKE SHULENI

Shule yetu ililipata gari hilo mwaka 1974, likiwa jipya, rangi ya maziwa. Mimi niliingia Kidato cha Kwanza mwaka 1975. Mnakumbuka wote kwamba hapakuwa na gari jingine. Pijo ndiyo iliyoshuka Mombo kuchukua barua, unga na mafuta ya taa. Pijo ndiyo iliyoleta mitihani ya Kidato cha Nne, Mwalimu Mkuu akiwa ameikalia bahasha kama kuku aliyeatamia. Timu ya mpira ilipokwenda Korogwe wachezaji kumi na mmoja waliingia humo, na mwamuzi msaidizi pia.

Dereva wake alikuwa yule tuliyemwita Mzee, ingawa nikihesabu sasa naona wakati ule alikuwa na miaka thelathini na kitu tu. Hakusoma ufundi popote. Alijifunza gari kwa kulilalia chini.

Usiku mmoja wa masika mwaka 1977 nilishikwa na maumivu ya tumbo upande wa kulia, nikawa siwezi hata kusimama. Kilikuwa kidole tumbo. Mzee aliamshwa saa nane usiku. Walikunja viti vya nyuma wakanilaza juu ya godoro la bweni, na mwalimu wa zamu akakaa ananishika kichwa. Barabara kutoka shuleni hadi Lushoto ilikuwa udongo mtupu, na ukungu ulikuwa mzito hata taa hazikuonyesha zaidi ya hatua kumi. Sikumbuki mengi. Nakumbuka kwamba gari lilipita juu ya mashimo kama mtumbwi juu ya mawimbi, na kwamba Mzee hakuongea neno mpaka tulipofika mlango wa hospitali. Daktari alisema baadaye kwamba saa mbili zaidi zingetosha kunizika. Mkitaka kujua kwa nini nilikubali dhamana ile ya 2019, sababu ni hiyo.

MIAKA YA SHIDA

Mwaka huo huo wa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa. Haukufunguliwa tena hadi mwaka 1983. Kwa watu wa siasa hiyo ilikuwa habari ya magazetini, lakini kwa Mzee ilikuwa habari ya vipuri. Plagi, gasketi, mikanda ya feni na raba za breki, vyote vilikuwa vikitoka Nairobi na Mombasa. Mwaka 1978 vita vya Kagera vikaanza, mwaka 1979 bei ya mafuta ikapanda duniani kote, na fedha za kigeni zikawa adimu. Magari mengi mazuri yalikufa wakati ule kwa kukosa kitu kinachoingia katika kiganja cha mkono.

Pijo haikufa. Mzee aliitengenezea mkanda wa feni kutokana na mpira wa tairi. Rejeta ilipotoboka aliweka ya lori, akaifungia kwa vyuma vya kitanda cha bweni. Kabureta aliyoiweka mwaka 1981 haikuwa ya Peugeot, na mpaka leo hakuna fundi aliyeweza kuniambia ilikuwa ya nini. Mwaka 1984 Serikali iliporuhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, vitu vilianza kuonekana tena madukani, lakini vilivyokuja kwa wingi zaidi, hasa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, vilikuwa vya magari ya Japani. Huko Ufaransa saluni ya 504 ilikuwa imekwisha kusimamishwa mwaka 1983. Nchini Kenya ziliendelea kuunganishwa kwa miaka mingi zaidi, ila kwetu milimani zilizidi kupungua.

Mwaka 1988 silinda hedi ilipasuka. Gari likasukumwa nyuma ya karakana, chini ya mikaratusi, na hapo likakaa zaidi ya miaka thelathini.

TULICHOKIKUTA

Tulilishusha Korogwe juu ya lori mwaka 2021, katika gereji ya fundi ambaye ni mmoja wetu, wa darasa la 1983. Nia yangu ilikuwa ile ile mliyonituma: kurudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Tulipofungua injini tukaona hali yake. Silinda hedi ya Peugeot hiyo ni ya aluminiamu, bloku ni ya chuma, na maji ya kupoza hupita yakigusa mikono ya silinda moja kwa moja. Maji ya mtoni yaliyoachwa humo tangu 1988 yalikuwa yameila aluminiamu mpaka ikawa kama jibini iliyotafunwa na panya. Bloku nayo ilikuwa na ufa.

Tukawa na njia tatu. Ya kwanza ilikuwa kuagiza injini kutoka Ulaya, kwa fedha iliyozidi mchango wote tuliokusanya. Ya pili, kulipaka gari rangi na kuliweka juu ya mawe mbele ya ofisi ya shule kama sanamu. Ya tatu ilikuwa kuweka injini ambayo kipuri chake kinapatikana Mombo, Korogwe na Lushoto siku yoyote ya juma. Nilipiga simu kwa wanakamati wanne. Wawili walikubali njia ya tatu, mmoja alikataa, na wa nne hakupokea. Nilipaswa kusubiri mkutano. Sikusubiri. Hilo ni kosa langu la kwanza, na naliandika hapa ili lisomwe.

Tulinunua injini ya Toyota aina ya 3Y, iliyokuwa katika Hilux, pamoja na giaboksi yake. Ina ujazo wa sentimita za ujazo 1998, na ile ya zamani ilikuwa na 1971. Mnaona kwamba hatukutafuta mbio. Lakini kuiingiza haikuwa kama kubadili betri. Injini ya Peugeot hulala upande kwa nyuzi 45, ya Toyota husimama wima, kwa hiyo boneti haikufunga mpaka tulipotengeneza vishikio vipya vya kuishusha. Kisha tukafika kwenye bomba.

KOSA LANGU LA PILI

Giaboksi ya Toyota haina mahali pa kufunga bomba lile. Fundi alishauri tulikate, tuweke propela shafti ya wazi, na kwa kuwa ekseli haitakuwa na kitu cha kuizuia, tuweke vyuma vitatu vya kuishikilia: viwili chini na kimoja juu. Nilikubali. Chuma cha juu tulikichomelea kwenye sakafu ya gari.

Mzee, ambaye sasa amevuka miaka 80, aliletwa na mjukuu wake kuona kazi. Tulimwamkia, tukampa kiti. Hakukaa. Aliomba gunia, akalala chini ya gari kama zamani, akatazama kwa muda mrefu. Alipotoka aliniambia, "Mwanangu, lile bomba ndilo lilikuwa linaishika nyuma. Mmelikata. Sasa nani anashika?"

Nikamjibu, "Tumeweka vyuma vitatu, Mzee."

"Cha juu mmekishikiza kwenye bati," akasema.

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Moyoni nilisema huyu ni mzee anayelilia gari lake, naye alikuwa dereva, si fundi. Nilikuwa nimefanya kazi na magari ya shirika kwa miaka 31, nina vyeti vyangu.

Nieleze kwa ufupi alichokiona yeye. Peugeot 504 haina chesisi kama ya lori. Mwili wenyewe ndio chesisi. Unapokanyaga breki, magurudumu yaliyokuwa yakizunguka hutaka kuizungusha na ekseli yenyewe. Bomba lile refu, likiwa limefungwa kwenye difu na kufika mpaka kwenye giaboksi, liliizuia isizunguke, kama mpini mrefu wa jembe unavyokupa nguvu kuliko mfupi. Sisi tuliondoa mpini, tukaweka kichuma kifupi kilichoshikizwa kwenye bati lililokaa miaka thelathini katika ukungu wa mlimani.

Katika barabara za tambarare za Korogwe gari lilikwenda vizuri. Siku ya Jumamosi tukaamua kulipandisha Lushoto. Niliendesha mimi. Mzee alikaa mbele, fundi na mwenzetu mmoja nyuma. Kupanda hakukuwa na taabu, na watoto wa Soni walitupungia mikono. Ilikuwa wakati wa kurudi, chini ya Soni, kwenye kona, lori la mbao likawa linapanda katikati ya barabara. Nilikanyaga breki. Nilisikia mlio kama wa risasi chini ya kiti, nyuma ya gari ikachomoka kwenda upande, na usukani haukunisaidia chochote. Ninyi mnaijua barabara ile: upande mmoja ni mlima, upande wa pili ni bonde, na chini yake mto. Gari lilikwenda upande wa mlima. Si mimi niliyelipeleka huko.

Sisi watatu tulipata michubuko. Mzee alivunjika mtulinga. Gari moja la abiria lilisimama likatuchukua, nami nikampeleka mtu wa miaka 80 katika hospitali ile ile aliyonipeleka mimi mwaka 1977, nikiwa nimemshika bega njia nzima. Hakunilaumu. Aliniuliza tu kama lori lilipita salama.

MAREKEBISHO

Nilitaka kuacha. Ni Mzee aliyekataa. Wiki sita baadaye alikuja Korogwe mkono ukiwa bado katika kitambaa, akasema kazi haijaisha. Safari hii sisi tulikaa, yeye akaongea.

Alituonyesha kwa chaki sehemu nne chini ya gari. "Miaka kumi na minne nimelipiga jeki," alisema. "Ukiweka jeki kwenye bati linabonyea. Hapa, hapa, hapa na hapa, halibonyei. Chomeleeni hapo."

Fundi aligonga kwa nyundo, akakubali: ndipo ilipopita mikunjo minene ya mwili wa gari. Tukatengeneza mihimili miwili ya chuma, mmoja kila upande, inayounganisha sehemu hizo, tukaichomelea kwa urefu wake wote. Tuliachana kabisa na ekseli ya Peugeot na springi zake nne. Tukaweka ekseli ya Hilux na springi zake za vipande vya bapa vilivyopangwa, ambazo zina faida moja kubwa: zenyewe hubeba uzito na zenyewe huishikilia ekseli isisogee wala kuzunguka, kwa hiyo propela shafti huweza kuwa wazi bila hatari. Kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba injini na springi si mambo mawili. Peugeot walivifunga pamoja kwa bomba, na aliyegusa kimoja alikuwa amegusa vyote.

Springi za Hilux ni za kubebea mizigo, na mwanzoni gari lilirukaruka kama punda mkaidi. Tukatoa kipande kimoja kila upande, tukaweka shokapu mpya, likatulia. Mbele tuliacha mpango wa Peugeot wenyewe na breki zake za diski, tukabadilisha tu shokapu na bushi zilizochoka. Tundu za magurudumu ya mbele na za nyuma sasa hazilingani, kwa hiyo tunabeba matairi mawili ya akiba. Gia, ambayo zamani ilikuwa kwenye usukani, imehamia sakafuni. Kile kijiti cha zamani tumekiacha mahali pake ingawa hakishiki kitu, kwa sababu mkono wa Mzee bado unakitafuta.

Jaribio la pili tulilifanya mwaka 2023, tukiwa tumebeba mifuko ya mchanga badala ya watu, katika kona ile ile. Nilikanyaga breki mara ishirini. Kisha tukaleta gari shuleni.

HESABU YANGU KWENU

Nilitumwa kurudisha kitu cha asili, nikarudisha kitu kingine. Katika kujitetea nasema hivi tu: tulipolifungua gari hilo hatukukuta la mwaka 1974. Tulikuta rejeta ya lori, vyuma vya kitanda, kabureta isiyo na jina na breki zilizoshikiliwa na raba zilizochongwa kwa kisu. Kama tungeyatupa yote hayo na kuweka vipuri vipya kutoka Ufaransa, tungekuwa na Peugeot safi, lakini si hiyo iliyotubeba. Hiyo ya kwetu ilibadilishwa kila mwaka ili iendelee kutembea, na sisi tumeongeza zamu yetu.

Hata hivyo simhesabii Mzee kosa langu. Yeye alipobadili kitu alijua kwanza kilikuwa kinafanya kazi gani. Mimi nilikata kabla ya kujua, na aliyejua alikuwa amesimama karibu yangu.

Injini ya zamani, pamoja na bomba lililokatwa na ekseli yake, viko katika karakana ya shule juu ya meza ya mbao. Vijana wa Kidato cha Tatu huvitumia katika somo la Fizikia wanapojifunza nguzo na nguvu za kuzungusha. Wenzetu waliochanga kwa sharti la gari kurudi la asili wana haki ya kudai mchango wao. Mweka hazina anayo orodha, nami nimeahidi kulipa kutoka mfukoni mwangu. Mpaka naandika haya waliodai ni wawili, na wote wawili nimekwisha kuwalipa.

Katika mkutano ujao Pijo itakuwa Mombo, kituo cha mabasi, asubuhi ya siku ya kwanza, kuwachukua walio wazee zaidi miongoni mwetu. Nafasi ni saba. Kiti cha mbele kina mwenyewe, kwa hiyo zimebaki tano na ya dereva. Nitaendesha polepole.